Mwano Nyuma ya Pazia

Felisita aliigiza miaka ishirini na miwili pale Sapiwi na hakuna mtazamaji aliyewahi kumwona akiigiza. Yeye alikuwa wa nyuma ya pazia. Hata pazia lenyewe alilishona yeye, magunia kumi na moja ya pamba yaliyounganishwa kwa sindano ndefu, mwaka ambao chama cha msingi cha ushirika kilikiruhusu kikundi chao cha maigizo kutumia upande mmoja wa ghala lake kwa michezo. Mvua ikitakiwa, mvua ilikuwa Felisita, anazungusha choroko kwenye ungo. Radi ilikuwa Felisita na kipande cha bati. Ng'ombe walikuwa yeye pia, na walikuwepo wazee walioapa kwamba ng'ombe wa Felisita wanalia vizuri kuliko wa zizini kwao. Mwigizaji akisahau maneno akabaki anakodolea paa macho kana kwamba yameandikwa huko, Felisita alimnong'oneza kupitia tundu la gunia. Mchezo ukiisha watu walipiga makofi na waigizaji wakainama kushukuru. Yeye muda huo alikuwa ameshainama kitambo, anaokota choroko.

Alihamia Sapiwi na mumewe mwaka wa sabini na nne, wakati wa kuhamishiwa vijijini. Mumewe alikufa kwa kifua miaka kumi na mitano baadaye. Mabinti wawili waliolewa Maswa mjini, huko Binza, na wa kiume alikwenda Mwanza kutafuta maisha. Bila shaka aliyapata, maana hakurudi kusema ameyakosa. Felisita akabaki na ng'ombe wawili, mbuzi saba, shamba la pamba na kikundi cha maigizo. Katika vyote hivyo, kikundi peke yake ndicho kilichokuwa kikimngoja. Akichelewa nusu saa siku ya mazoezi, mtu alitumwa kwenda kumwuliza anaumwa nini. Mjane wa umri wake hahitaji kuelezwa thamani ya kutumiwa mtu.

Kati ya sauti zake zote, kubwa ilikuwa mwano. Msukuma hahitaji kuambiwa mwano ni nini, lakini kwa wageni tuseme hivi: mwano ni yowe la hatari. Mtu akivamiwa, ng'ombe wakiibwa, mtoto akipotea, anapiga yowe refu linalopanda, analikata kwa kiganja mdomoni, linapanda tena. Anayelisikia anaacha alichoshika. Aliye shambani anaacha jembe, anayekula anaacha ugali, anachukua rungu au upinde na kukimbia kuelekea sauti inakotoka, huku naye akipiga mwano ili wa mbele asikie. Asiyekwenda hutozwa faini, na akirudia, watu humtenga, asipewe hata moto wa kuwashia jiko. Na anayepiga mwano wa uongo hutozwa mnyama, akachinjwa na kuliwa na wote waliokuja mbio kwa ajili yake.

Kikundi kilikuwa na mchezo wa mwizi wa ng'ombe, alioutunga Mwalimu Josia, mwenyekiti wao, enzi hizo bado anafundisha shule ya msingi. Mwizi aliigizwa na Luhaga, mtu mpole aliyekuwa mwizi jukwaani kwa miaka kumi na minne bila kuiba hata yai. Katikati ya mchezo mke mwenye ng'ombe anaamka, anakuta zizi tupu, na anapiga mwano. Mke aliigizwa na Monika, msichana mwenye sura nzuri na sauti ya kifaranga. Kwa hiyo Monika alipanua mdomo tu na kushika kiuno, na mwano ukatoka kwa Felisita, nyuma ya gunia.

Mwaka wa themanini na sita, sungusungu, walinzi wa jadi, wakiwa motomoto, waliucheza mchezo huo mara ya kwanza wakiwa na sauti ya Felisita. Hakuna aliyefikiria walioko nje. Robo saa baadaye ghala lilikuwa limezingirwa na wanaume zaidi ya mia mbili wenye pinde na marungu, jasho likiwatiririka, wengine wametoka ng'ambo ya lambo. Waliuliza swali moja tu, mwizi yuko wapi. Watazamaji, kwa kuwa mchezo ulikuwa umewakolea, wakamwonyesha Luhaga. Aliokolewa na Felisita, aliyemfunika kwa magunia na kumkalia juu mpaka Mwalimu Josia alipomaliza kueleza. Siku hiyo kikundi kilitoa ng'ombe dume akaliwa palepale, na Luhaga alikula pia.

Baada ya nyama wazee waliweka sharti. Mchezo wenye mwano uendelee, kwa kuwa unafundisha, ila siku moja kabla ya mchezo mwenye sauti azunguke vitongoji vyote vitano akaage kwa kinywa chake mwenyewe. Asitume barua wala mtoto. Sauti itakayowadanganya watu ndiyo iwatangulie kukiri, wapate kuisikia na kuizoea. Tangu hapo, kwa miaka kumi, kila mchezo ulipokaribia Felisita alizunguka vitongoji vitano kwa miguu, mwendo wa kutoka asubuhi mpaka alasiri. Kila mji alisema maneno yaleyale: "Kesho saa kumi mtanisikia. Ni mchezo. Msije." Walimkaribisha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, wakamtania kwamba akifa watadhani ni mchezo. Alirudi amechoka, lakini ulikuwa uchovu mtamu, wa mtu aliyesalimiwa na kijiji kizima.

Sasa ni mwaka wa tisini na sita, mwezi wa saba, na mambo yamegeuka. Biashara ya pamba imefunguliwa. Zamani mkulima alikuwa na mzani mmoja, wa chama, na foleni moja, na manung'uniko ya aina moja. Siku hizi mizani imeota kama uyoga, kila kampuni na turubai lake, na wote wananunua kwa fedha mkononi mpaka fedha iishe. Ikiisha, mzani unafungwa na aliyebaki kwenye foleni anarudi na pamba yake. Chama cha msingi kimebaki jina na mhuri. Mitumba imejaa mnadani, kwa hiyo Felisita, aliyewahi kumshonea mwigizaji suruali ya gunia kwa kukosa kitambaa, sasa anapata koti la askari lenye vifungo vyote. Lakini askari wa kulivaa ndiye adimu. Vijana wanapanda baiskeli kwenda Bariadi mjini kutazama video, ambako mwizi anapigwa risasi na anakufa kabisa, na wakirudi wanamtazama Luhaga kwa huruma.

Ghala nalo limekodishwa kwa kampuni mojawapo. Meneja wake alikuwa mtu wa kutoka mbali, mwenye heshima zake, anayesema pole hata kwa mtu asiye na shida. Alimwambia Mwalimu Josia kwamba anahitaji jengo lote, ila amesikia habari za kikundi. Jumamosi saa kumi atakuja na wenzake kutazama. Akiona ni jambo la maana kwa wananchi, atawaachia upande wao. Akiona ni porojo tu, jukwaa litabomolewa Jumatatu ili pamba iwekwe.

"Mayu Felisita," Josia alimwambia jioni hiyo, akimwita mama kama walivyozoea wote, "tutawachezea mwizi wa ng'ombe. Mwano wako ndio utakaotuokoa."

Felisita alisema sawa, mwalimu. Alijua vema kwamba jukwaa likibomolewa hakuna atakayejenga jingine, na kwamba siku hiyo hata yeye atakuwa hana mahali pa kuchelewa.

Wiki hiyo ilimmaliza. Asubuhi alichambua pamba yake, akitenga safi na chafu, kwa sababu kampuni zilichagua. Mchana alishona. Jioni alikuwa mazoezini akimnong'oneza mtu mzima maneno ambayo mtu huyo ameyasema miaka kumi na minne. Magoti yalianza kuvimba Jumatano. Ijumaa, siku ya kuaga, aliamka yakiwa kama viazi, akajifunga kanga kiunoni, akachukua fimbo na kutoka.

Kitongoji cha kwanza alikuta nyumba ya balozi imefungwa. Msichana aliyekuwa akianika dagaa alimwamkia, "Mwadila, mayu. Wamekwenda kwenye mzani, wote." Kitongoji cha pili alikuta bibi kiziwi na kuku. Huyo bibi alimshika mkono akamwuliza habari za mumewe, na Felisita hakuwa na nguvu ya kufiwa na mume mara ya pili, akasema hajambo. Alipofika njia panda ya kwenda lamboni alikaa juu ya kichuguu kupumzika. Vilibaki vitongoji vitatu. Aliitazama njia, nyeupe kwa vumbi na pamba iliyodondoka kwenye mikokoteni, akajaribu kusimama, goti likakataa. Akaketi tena. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alijisikia amechoka na watu wenyewe, achilia mbali kazi. Alichoka na kuwatafuta. Miaka kumi amewafuata majumbani kuwaomba wasije, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfuata yeye kumwambia mayu, kesho usizunguke, nitawaambia mimi.

Akageuza, akarudi nyumbani taratibu.

Jioni Mwalimu Josia alimwuliza, "Umeaga?"

"Nimeaga."

Njia ya mwongo ni fupi, na Felisita alilijua hilo tangu katekisimu. Lakini lilikuwa limeshatoka, na Mwalimu alikuwa ameshageuka kumkemea mtu aliyepoteza kofia ya askari.

Jumamosi ghala lilijaa nusu. Meneja na wenzake watatu walikaa mbele kwenye viti vilivyoazimwa kanisani, nyuma yao wanawake na watoto kwenye magunia. Wanaume walikuwa wachache, maana ilikuwa siku ya mzani. Nyuma ya pazia Felisita alikuwa na ungo, bati na daftari la maneno. Alihesabu hatari upya. Akipiga mwano, watakuja, kama walivyokuja mwaka ule. Wataingia na pinde mbele ya meneja, Luhaga atakimbia, wageni watakimbia, na Jumatatu jukwaa ni kuni. Asipopiga, Monika atasimama pale amepanua mdomo kama samaki, na mchezo utakufa katikati. Alifikiria kupiga mwano mdogo, wa kunong'ona. Lakini mwano mdogo haupo, sawa na mimba ndogo: ama ipo, ama haipo.

Luhaga alifungua zizi, akaondoka na ng'ombe. Felisita aliwaliza ng'ombe wakienda mbali, mbali zaidi. Monika akaamka, akanyoosha mikono, akaingia zizini. Akashika kiuno. Akapanua mdomo.

Felisita alifumba macho akapiga.

Alipiga mara tatu, kama inavyotakiwa, na ya tatu ilimtoka kutoka mahali ambapo hakujua kwamba pana kitu. Watoto walianza kulia. Mama mmoja aliinuka akatafuta mlango, akakumbuka yuko wapi, akaketi. Kwenye kiti cha mbele meneja alishika magoti yake. Mbwa wa kijiji chote walijibu.

Kisha Felisita alikwenda kwenye mlango wa nyuma, ambao ubao wake mmoja ulikuwa umepasuka, akaweka jicho kwenye ufa. Kutoka pale ghala lilitazama mbuga yote mpaka lamboni, mashamba yameshavunwa, hakuna kinachozuia macho. Alingoja vumbi. Alijua lingeanzia wapi: kwanza upande wa lambo, kisha kulia, kisha sauti za wanaume wakipokezana mwano. Alitayarisha maneno ya kusema. Angetoka nje yeye mwenyewe, mikono juu, awalaki kabla hawajafika, aseme ni mimi, ni Felisita, nimekosa, nitozeni.

Mtu mmoja alipita na baiskeli, nyuma amefunga gunia la pamba. Alisimama, mguu mmoja chini, akatazama upande wa ghala. Akasikiliza. Kisha akasukuma baiskeli, akapanda, akaendelea alikokuwa akienda.

Ndani, nyuma ya Felisita, mchezo uliendelea. Waigizaji watano waliingia na marungu wakiwa wanakijiji, Luhaga alikamatwa, akaungama kwa maneno mazuri ambayo safari hii hakusahau hata moja. Felisita alibaki kwenye ufa. Goti lilimwuma, hakulisikia. Jua lilikuwa bado juu. Alisikia makofi, akasikia meneja amesimama anahutubia: kwamba ameguswa, kwamba hajawahi kusikia kitu kama kile, kwamba kampuni itawaachia jukwaa lao msimu huu na ujao. Wanawake wakapiga vigelegele. Mbugani hapakuwa na mtu.

Mwalimu Josia alimkuta ameketi juu ya magunia. Alikuwa na machozi ya furaha, mzee wa watu, akamshika mikono yote miwili kumshukuru.

"Wabeja, mayu. Umetuokoa."

"Mwalimu, sikuaga."

Josia hakuelewa mara moja. Alipoelewa alitazama mlango wa nyuma, kisha akamtazama yeye, na hofu ya miaka kumi ikampita usoni na kuondoka. "Hawakuja," alisema. "Basi Mungu ametufunika. Usimwambie mtu."

"Hakuja hata mmoja, mwalimu."

"Ndiyo nasema. Mungu ametufunika."

Felisita alimwacha afurahi. Mtu aliyefundisha miaka thelathini ana haki ya kukosea hesabu siku moja. Aliokota choroko zake, akakunja pazia, akaenda nyumbani.

Jumapili baada ya misa alimfunga mbuzi kamba, jike jeupe, mnene kuliko wote saba, akaenda naye kwa Masunga. Masunga alikuwa kamanda wa sungusungu wa Sapiwi tangu walipoanza, ndiye aliyeongoza wale mia mbili mwaka wa themanini na sita, na ndiye aliyeweka mkono wake kwenye pembe za ng'ombe dume wa faini. Alimkuta uani anaziba tairi la baiskeli, amekaa kwenye kigoda, beseni la maji mbele yake. Alikuwa ameota mvi. Waliamkiana kwa kirefu, habari za mji, za mifugo, za watoto walio mbali. Kisha Felisita akasema alichokuja kusema.

"Jana nilipiga mwano wa uongo, baba. Sikuzunguka kuaga. Nilichoka. Nimeleta mbuzi."

Masunga alizamisha mpira kwenye maji, akatazama mapovu.

"Niliusikia," alisema.

"Ulijua ni mchezo?"

Felisita alimwona akitafuta jibu la kumfaa, kisha akaacha kulitafuta. "Sikujua, mayu. Nilikuwa kwenye foleni ya mzani. Walikuwa wamebaki watu wanne mbele yangu, na tulisikia fedha inakaribia kuisha. Nikasema wengine watakwenda."

"Mlikuwa wangapi kwenye foleni?"

"Wengi. Labda mia." Alikausha mpira kwa kitambaa. "Tulitazamana. Kila mtu alimtazama mwenzake."

Mke wa Masunga alileta maziwa kwenye kibuyu, akaweka, akaondoka. Felisita alihisi hasira ikija, akaingoja kwa hamu, maana hasira ingempa nguvu. Haikufika. Kilichofika ni uchovu uleule wa kwenye kichuguu, mzito zaidi.

"Basi nitoze," alisema. "Sharti ni sharti. Mchukue mbuzi."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Mnyama wa mwano wa uongo huliwa na waliokuja mbio," Masunga alisema, macho kwenye tairi. "Nani atamla, mayu?"

Felisita alikunywa maziwa yote kwa sababu ya adabu. Akashukuru, akaaga, akamfungua mbuzi. Masunga alimsindikiza mpaka mwisho wa uzio wa minyaa, akataka kusema neno, akasema tu apite salama.

Ilikuwa bado mchana. Njiani watu wawili walimsimamisha kumpongeza kwa habari za jukwaa, na mmoja akamsifu kwamba sauti yake jana ilifika mpaka lamboni, aliisikia wazi kabisa. Felisita alisema asante. Alipofika nyumbani hakumpeleka mbuzi kwenye banda na wenzake. Aliwatoa wale sita bandani, mmoja mmoja, akawaingiza wote saba ndani ya nyumba anamolala, ili mwizi asiwafikie bila kumpita yeye, kisha akarudi kuwafuata ng'ombe wawili akiwatazama na kuupima mlango kwa macho, kama watapita.